Kwani kila mstari lazima uwe na ujumbe?

Kuna mada imenikaa kichwani miaka kadhaa sasa, tangu ule usiku wa Ngome Kongwe kule Zanzibar na mpwa wangu, na kila nikisikia mtu anasema "marapa wa siku hizi hawana ujumbe" natamani kumjibu alafu nanyamaza kwasababu jibu lenyewe refu na mara nyingi tupo kwenye daladala. Leo nalimwaga lote hapa.

Kwanza mjue nimetokea wapi. Mi mtoto wa Temeke, nimekua ile miaka tunarekodi nyimbo za redioni kwa kaseti, kidole kipo kwenye kitufe unamuombea dijei asiongee katikati, alafu unarudisha nyuma, unasimamisha, unaandika mstari kwenye kauntabuku, unarudisha tena. Kaseti inafika mahali inaanza kukwaruza lakini beti la pili umelipata lote. Kwaiyo kwangu rap ilikua ni maneno. Ukiniambia ngoma kali nakuuliza kasemaje. Shuleni tulikua tunapimana hivyo, nani anaweza kuchana mwanzo mwisho bila kukosea neno, na yule anayependa ngoma za kuruka tu tulimwona bado hajaelewa muziki.

Sasa ule usiku. Ilikua Sauti za Busara, lile tamasha la kila Februari pale Mji Mkongwe ambalo limeanza 2004, na sharti lao kubwa ni kwamba muziki upigwe laivu, hamna kuja na sidii ukafungua mdomo juu ya sauti yako mwenyewe. Mi hilo sharti nalipenda sana. Tulipanda boti mi na mpwa wangu, kipindi hicho ana miaka kumi na tisa, mtu wa singeli kutwa, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, na nilimbeba makusudi ili amwone rapa mmoja wa bara ambae nimemfatilia tangu kitambo. Sitamtaja jina kwasababu ntakayosema mengine sio ya kumsifia, ila mjue ni mtu anaeandika kwelikweli, mstari mmoja una maana tatu, unacheka leo alafu wiki ijayo ukiwa unapiga pasi ndo unaelewa alikua anamaanisha nini.

Kabla yake lilipanda kundi la ngoma, watu wakacheza mpaka vumbi. Alafu yeye akaingia, dramu, gitaa la besi, kinanda, na akaanza kuchana kama anavyochana studio. Jamani. Pale Ngome Kongwe kuna kuta za mawe pande zote, besi inapiga inarudi, na mtu akichana kwa kasi silabi zinapandana, ile "ki" ya mwisho wa mstari inakutana na "ka" ya mwanzo wa mstari unaofata, unabaki na mngurumo. Mbele wamejaa wageni wasiojua Kiswahili, nyuma vijana wa Ng'ambo ambao Kiswahili wanakijua kutuzidi lakini neno lenyewe haliwafikii, na kina mama kwenye ngazi wanamwangalia kwa adabu tu. Ngoma ya pili watu wameanza kutoka kwenda Forodhani kula. Mi nipo mbele pale nachana nae kila neno, koo limekauka, nimefurahi, nikamgeukia mpwa wangu nikamuuliza umesikia huo mstari?

Akaniambia, "Anko, wewe unasikia kwasababu ulikuja ukiwa unaujua. Mi nimepata 'mapambano' na 'mtaani', basi."

Iliniuma, kwasababu ni kweli. Nilikua simsikilizi yule mtu, nilikua nasikiliza kauntabuku langu.

Ngoma ya tatu jamaa akabadilika, na hiki ndo kitu nilichokuja nacho nyumbani. Akanyanyua mkono, kinanda kikanyamaza, besi ikanyamaza, ikabaki dramu peke yake inatembea polepole. Akauliza, "Mpo?" Watu wachache wakajibu. Akarudia, "Mpo?" Wakajibu "Tupo!" hadi wale wageni wasiojua maana yake nini, wameshika tu kwamba wakiitwa hivi wanaitikia hivi. Akaendelea nao kama dakika nzima, mpo, tupo, mpo, tupo, na vijana waliokua wanatoka wakarudi. Ndani ya ile mpo-tupo akaanza kuweka mistari, miwili kwa wakati, polepole, anasubiri waitikie, anaweka mingine miwili. Na lilikua lilelile beti zito ambalo ngoma ya kwanza lilipotea kwenye mawe! Safari hii nilimwona mama mmoja kwenye ngazi anapiga mkono kwenye goti anasema "eeeh, kweli kabisa".

Jiulize "mpo, tupo" ina ujumbe gani. Ukiiandika kwenye karatasi haina kitu. Lakini ndo iliyoufungulia mlango ujumbe.

Kwenye boti ya kurudi tulibishana njia nzima mimi na mpwa wangu, yeye akisema maneno hayana umuhimu kama watu wanacheza, mi nikisema hapana, na nilivyofika Dar nikagundua kwamba sote wawili tulikua tunabishania swali ambalo tumelirithi tu bila kujua limetoka wapi.

Maana hili neno "ujumbe" lina historia yake kwetu. Rap ilivyoingia Tanzania ilikua ni mambo ya kuiga Wamarekani, watu wanachana Kingereza, Saleh Jabri ndo anatoa kaseti 1991 anachana Kiswahili juu ya biti za kina Vanilla Ice, kundi la Kwanza Unit linaundwa 1993, na mtaani wazazi wanaona ni uhuni mtupu, masuruali makubwa, kofia nyuma mbele. Rap ilivyokuja kukubalika mezani kwa baba ni pale watoto walivyoanza kuongea vitu ambavyo baba nae anavijua. Mr II, ambae ndo Sugu, 1998 anatoa Hali Halisi anaongelea maisha magumu na polisi na wanasiasa. Professor Jay na kundi lake la Hard Blasters wanakuja na albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, alafu yeye peke yake na Machozi Jasho na Damu 2001. Nakumbuka babu yetu alikua hataki kusikia makelele ya redio, akasikia Ndio Mzee ya Jay akaomba iongezwe sauti. Kwaiyo ujumbe ulikua kama kitambulisho, ukiwa nacho unapita getini, huna unaambiwa mhuni. Wasanii walijua na wakaitumia hiyo njia vizuri sana, na mi nawaheshimu kwa hilo mpaka kesho, wawili hao hata bungeni wakafika, Sugu Mbeya Mjini 2010 na Jay Mikumi 2015.

Ila geti lilishafunguka zamani. Sioni kwanini bado tunamdai kila kijana kitambulisho.

Na hata hao wenye ujumbe, hebu wasikilize tena vizuri. Ndio Mzee imejengwaje? Ni mgombea anaahidi vitu ambavyo haviwezekani, na kila akiahidi watu wanamwitikia ndio mzee. Yani kiitikio chenyewe ni maneno mawili ya kuitikia, mtoto wa chekechea anaweza, na steji nzima uwanja mzima unageuka kuwa mkutano wa kampeni, wewe shabiki ndo unakua yule mwananchi anaedanganywa huku anashangilia. Ujumbe haupo kwenye mistari peke yake, upo kwenye wewe kuitikia. Ule ni ufundi wa mtu anaejua ngoma inavyochezwa.

Alafu kuna Ngwair. Hapa ndo huwa nashindwa kabisa na wenzangu wa "ujumbe kwanza". Ngwair, jina lake halisi Albert Mangweha, alifariki Afrika Kusini Mei 2013, akazikwa Morogoro, na watu walilia nchi nzima, na ukiangalia ni ngoma gani watu wanazipiga mpaka leo, Mikasi haikosi. Mikasi inaongelea nini? Starehe. Baa, vinywaji, washkaji, usiku. Hamna serikali humo, hamna ukimwi, hamna usomi. Lakini msikilize anavyokaa kwenye biti, anavyoongea kama amekaa na wewe kwenye kiti cha plastiki, silabi haimkimbii hata moja, na maneno ni ya kitaa kabisa ya mwaka ule, ukitaka kujua vijana wa Dar na Dodoma walikua wanaongeaje miaka ile kasikilize pale, hamna kitabu kitakupa. Dijei akiiweka leo kwenye tamasha watu wa miaka arobaini na watoto wao wanaimba pamoja. Ukiniambia hiyo haina maana nakuuliza maana ni nini basi.

Majirani zetu Kenya wameugombania huu ugomvi vikali kuliko sisi. Kulikua na Kalamashaka kutoka Dandora na wenzao wa Ukoo Flani Mau Mau, Kisheng kizito, siasa, maisha ya geto, na upande wa pili kulikua na kapuka, rap ya kuchezea, hata hilo jina lenyewe linatokana na mlio wa biti, ka-pu-ka, lilikua ni neno la kudharau. Ila mi mfano wangu wa Kenya ni Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, 2002. Neno limetoka kwenye Kijaluo, bwogo, kutisha, wakalivalisha Kingereza likawa "hatutishiki". Wawili wanajisifu tu kama marapa wanavyojisifu, mwaka wa uchaguzi, NARC, muungano wa vyama wa kina Kibaki, ikalichukua na nchi nzima ikaliimba kwenye mikutano. Maana kubwa kabisa ya ule wimbo iliwekwa na umati. Na umati ungeshindwa kuiweka kama wimbo ungekua mgumu kuimbika.

Sasa mpwa wangu akisoma hapa atasema anko umekubali yaishe. Subiri kwanza.

Kwasababu kuna upande wa pili wa hii "ni starehe tu" ambao siukubali. 2019 kundi moja la Nairobi la gengetone, ile rap ya mtaani ya vijana wa Kenya, lilitoa wimbo ambao watu waliusikia unashabikia ukatili kwa wanawake, kelele zikapigwa, ukaondolewa YouTube na wenyewe wakaomba radhi. Na utetezi wa mashabiki mitandaoni ulikua ni uleule, aah nyie nanyi, si wimbo wa kuchezea tu. Hapana. Huwezi kusema maneno hayana uzito pale yanapokua mabaya alafu ukayadai sifa pale yanapokua mazuri. Watu elfu tano wakiitikia kitu kwa pamoja kinaingia mwilini, na hicho ndo kinachofanya mpo-tupo iwe na nguvu, kwaiyo nguvu hiyohiyo ikibeba uchafu inabeba kweli. Nina binti nyumbani. Sitaki aitikie chochote tu kwasababu biti ni kali.

Na upande mwingine tena, tunaodai ujumbe tuwe wakweli, maana wanaouleta wanalipa. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake wa Wapo, BASATA, baraza la sanaa la taifa, wakaufungia, alafu waziri akatangaza kwamba rais amesema aachiwe na wimbo upigwe. Mwezi uliofata Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa na watu wasiojulikana pale studio Dar wakapatikana baada ya siku kadhaa. Mtu anakaa kwenye kiti anaandika "leta ujumbe" kwenye simu, kijana ana mama yake, ana kodi ya chumba. Simlaumu anayeamua kuimba starehe.

Turudi kwenye steji. Kitu ninachokiona kwenye matamasha ni kwamba marapa wengi wanaandika kwa ajili ya spika za masikioni. Beti la mistari kumi na sita limejaa mpaka pumzi hamna, alafu wanaalikwa tamasha wanapewa dakika arobaini mbele ya watu ambao nusu yao hawajawahi kuwasikia, wanakwenda na mtu wa kuwachania miisho ya mistari nyuma, sauti mbili zinagongana na ile ya kwenye rekodi, na mwisho wanalaumu mashabiki kwamba hawajui hip hop. Wazee wetu walilijua hili. Utenzi una mizani nane kila mstari, mistari minne kwa ubeti, na kile kina cha mwisho hakibadiliki kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa elfu, ili hata ukiwa umekaa nyuma kabisa msikitini, mtoto analia pembeni, ukisikia kile kina unajua ubeti umefungwa na mwingine unaanza. Maneno mazito kabisa, dini, vita, mauti, yamewekwa kwenye chombo kinachobebeka. Na Zanzibar kwenye harusi kidumbaki wanachukua vipande vya taarabu, mashairi yenye mafumbo yake, wanaviunganisha kimoja baada ya kingine juu ya ngoma za haraka na sanduku la besi, watu wanacheza saa zima. Hakuna anaesema taarabu imekufa maana. Imevaa nguo za kazi.

Bi Kidude amepanda steji ya pale Ngome Kongwe mara nyingi kabla hajafariki 2013, ngoma ya unyago mbele yake, na umati wa dunia nzima ukacheza. Maneno ya unyago ni mafundisho, yalikua ya wari chumbani na makungwi wao, kina kirefu ambacho mi mwanaume sikipaswi hata kukijua. Wageni wale hawakua na ufunguo hata mmoja. Walipokea nini basi? Walipokea bibi mzee aliyekua na uhakika na kila anachokisema, na nadhani hicho nacho ni aina ya maana, japo sitajifanya kwamba ni sawasawa na kuelewa. Sio sawasawa. Aliyeelewa alikula vyote viwili.

Na singeli ya mpwa wangu? Mwanzoni niliipa sikio la kauntabuku, nikaona makelele. Mpigo mia mbili kwa dakika na kuzidi, vipande vya taarabu na mchiriku vimekimbizwa mpaka vinalia kama ndege, MC anamwaga maneno bila kumeza mate. Imezaliwa Tandale, Manzese, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, na waliokua wanaiita ya kihuni ni walewale, au watoto wa walewale waliosema rap ya kihuni. Sasa hivi vijana wa Sisso Studios ya Mburahati wamepelekwa Ulaya, wamepanda tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, Uganda, kando ya Nile (jina ambalo kwetu huwezi kulitamka mbele ya shangazi, wenyewe Waganda wanasema ni ile hamu ya kucheza inayokushika bila hodi), na huko kote wanacheza watu wasiojua neno hata moja. Ila ukikaa karibu na MC wa singeli kigodoroni utasikia anataja watu. Anataja mama muuza chapati, anamtaja bodaboda aliyeibiwa pikipiki, anamsalimia aliyefiwa. Kule Ulaya yale ni mlio. Mburahati yale ni habari.

Wiki chache zilizopita mpwa wangu ameshika maiki kwenye kigodoro cha jirani yetu, mtoto wao ameolewa. Nilikwenda. Nikasimama pembeni ya spika, nikamsikia anamtaja bibi yake, yani mama yangu, kwa jina alilokua akiitwa sokoni, akasema alivyokua anaamka saa kumi kwenda kuchukua samaki Feri, akasema kikapu chake kilivyokua kinavuja maji mgongoni, yote hayo ndani ya pumzi moja, na wamama waliomjua wakapiga vigelegele wakaja kumtunza, elfu mbili mbili, mmoja analia kabisa anacheza huku analia. Mi sikujua kama alikua anakumbuka kile kikapu. Alikua na miaka mitano.

Nilivyorudi nyumbani nikatafuta kauntabuku la zamani, bado ninalo, nikajaribu kuandika alichosema. Nimepata mistari minne. Nikampigia nimwombe mingine, akaniambia anko hata mi sikumbuki, ila Jumamosi nipo Mbagala, njoo mapema ukae karibu.